Wenyeviti Wawili wa Kijiji Kimoja

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na hata mwanafunzi asiyewahi kuiona bahari huieleza bila shida: watu wengi wakishika usukani mmoja, kila mmoja atauvuta upande wake, na jahazi litapoteza njia. Maelezo hayo ni sahihi, na katika mtihani hupewa alama zote. Lakini yako mahali ambapo methali hiyo haitoshi, nasi twapenda kuipima hapa kwa hali ya nchi tunayoijua, yaani mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyo upande wake wa kusini-mashariki. Huku manahodha ni wengi kweli. Hata hivyo ni nadra kuwaona wakigombania usukani. Tunaloliona mara kwa mara ni jambo jingine: maji yanapoanza kuingia chomboni, kila nahodha hueleza kwa adabu kwamba yeye ni abiria.

Swali letu basi si la siasa, wala hatukusudii kumsuta kiongozi yeyote. Ni swali la maadili, na laweza kuulizwa hivi: mamlaka yakigawanywa kwa watu wengi juu ya ardhi moja na juu ya watu walewale, je, wajibu nao hugawanyika?

Yafaa kwanza tueleze ngazi zenyewe, kwa maana msomaji wa mbali atadhani tunatia chumvi. Ankole ilipotiwa chini ya Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1901, utawala ulipangwa kwa mfano wa Buganda: saza, ndani yake gombolola, ndani yake muluka. Majina hayo yamekaa vinywani mwa watu mpaka leo, ingawa ufalme wa Ankole ulifutwa pamoja na falme nyingine za Uganda mwaka 1967, na tofauti na nyingine haukurudishwa mwaka 1993. Juu ya msingi huo wa zamani yakajengwa mabaraza yaliyoanzia vitani porini, yakatungiwa sheria mwaka 1987, kisha yakapewa sura waliyo nayo sasa kwa Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997. Ngazi ni tano, kuanzia kijiji hadi wilaya, na kila moja ina mwenyekiti wake. Pembeni ya mwenyekiti wa wilaya aliyechaguliwa na wananchi yuko mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais. Mipaka nayo haikutulia. Isingiro ilikatwa kutoka Mbarara mwaka 2005, Rwampara mwaka 2019, na tarehe 1 Julai 2020 mji wa Mbarara ukapandishwa kuwa jiji, ukatengana na wilaya yenye jina lilelile. Mtu aweza kukaa katika nyumba moja maisha yake yote, asihamishe hata kinu, na bado akawa amehama wilaya.

Hiyo ni ngazi ya kwanza, ya wenyeji. Ngazi ya pili imeegemezwa kwenye ukuta uleule. Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote barani Afrika. Eneo lake ni kadiri ya kilomita za mraba 185, lina vijiji zaidi ya sabini katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo, na watu wake, ambao sasa wamezidi laki moja kwa mbali, wametoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. (Wanapokutana sokoni ni Kiswahili wanachokitumia, katikati ya nchi inayosema Kinyankore, jambo hilo lingestahili makala peke yake.) Hawa wote wako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Ofisi hiyo imeweka komandanti wa makazi. Chini ya komandanti wako viongozi wanaochaguliwa na wakimbizi wenyewe katika mabaraza ya ustawi, nayo yana daraja tatu: kijiji, kanda, na makazi mazima. Kandokando yapo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lenye ofisi yake Mbarara, na mashirika mengine chungu nzima, hili likishughulika na maji, lile na chakula, jingine na shule.

Lakini Nakivale si kisiwa. Ndani na kandokando ya makazi hayo wanaishi pia raia wa Uganda, wenye mashamba na ng'ombe wao, walio chini ya mabaraza ya kawaida. Ndiyo maana katika kijiji kimoja, juu ya kisima kimoja na njia moja ya kwendea ziwani, twakuta wenyeviti wawili. Wote wawili huitwa mwenyekiti. Ukiuliza njia ya kwenda kwa mwenyekiti, utaulizwa nawe: yupi?

Tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini twadhani hakuna mkazi wa huko atakayeukataa. Mama mmoja wa Kikongo amepewa kipande cha ardhi, amekilima na kupanda mahindi. Usiku ng'ombe wa jirani, ambaye ni mwenyeji, wanaingia shambani. Asubuhi hakuna cha kuvuna. Mama anakwenda kwa mwenyekiti wa wakimbizi, naye anampokea vizuri, anamsikiliza kwa lugha yake, anaandika yote daftarini. Kisha anasema, "Mama, hao ng'ombe si wa watu wangu. Mwenyewe nikimwita hatakuja, na asipokuja sina la kumfanya. Nenda kwa mwenyekiti wa wenyeji." Anakwenda. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya mwaka 2006 inalipa baraza la kijiji uwezo wa kusikiliza madai madogo kama haya ya mali iliyoharibiwa. Lakini mwenyekiti wa wenyeji naye ana jibu lake: "Mama, wewe una mwenyekiti wako. Tena shamba hilo si la kijiji, ni la makazi. Mwone komandanti." Kwa komandanti foleni ni ndefu. Siku ya tatu karani anamwambia kwamba ng'ombe kula mahindi ni jambo la polisi. Polisi wanamwambia, kwa haki kabisa, kwamba hilo si jinai ila ni madai, na madai madogo yana mahakama yake: baraza la kijiji.

Sasa tutazame kwa makini mzunguko huo. Nani amesema uongo? Hakuna. Nani ameomba hongo? Katika mfano wetu, hakuna. Nani amemtukana mama huyu? Hakuna, wote wamemwita mama. Kila jibu likichukuliwa peke yake lina sehemu yake ya ukweli, na baadhi yake ni sahihi neno kwa neno. Hata hivyo mwisho wa wiki dhuluma imetendeka, mahindi yameliwa bila fidia, na aliyedhulumiwa amejifunza kwamba safari nyingine afadhali akae kimya, au, jambo lililo baya zaidi na ambalo limewahi kumwaga damu katika nchi za wafugaji na wakulima, amngoje ng'ombe shambani na panga.

Wako watakaosema kwamba mahali ambapo hakuna mkosaji hapana kosa. Kwamba huo ni ubovu wa mpango, na mpango hauna moyo wa kulaumiwa. Sisi hatukubaliani nao. Maadili tuliyofunzwa yametuzoesha kumtafuta mwizi na mwongo, na kwa hiyo hatuna jicho la kuliona kosa lililogawanywa vipande vidogo vidogo hata kila mtu akabaki na kipande kinachoweza kufichika kiganjani. Lakini kipande hakikomi kuwa sehemu ya kitu kwa kuwa ni kidogo.

Hapa lugha yetu yaweza kutusaidia. Kiswahili kina neno mamlaka, lenye asili ya umilikaji na utawala, na kina neno dhamana. Mara nyingi twayaweka pamoja, tukamwita mkubwa "mwenye mamlaka" jana na "mwenye dhamana" leo, kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Mamlaka yana mpaka, na mpaka huo ni kitu chema: huyu aamue hapa, yule aamue pale. Dhamana haina umbo hilo. Watu watatu wakisimama pamoja kumdhamini mmoja, kisha mdaiwa akatoweka, mdai akimwendea mmoja wao akaambiwa "mwone mwenzangu", na mwenziwe akasema vivyo hivyo, na wa tatu vilevile, hatusemi kwamba kila mmoja amevunja theluthi ya dhamana. Twasema kila mmoja amevunja dhamana nzima. Kuwa kwao wengi kulikusudiwa kumwongezea mdai usalama, nao wamekugeuza kuwa mahali pa kujificha.

Tutapingwa, na upinzani huu una uzito. Je, twataka mwenyekiti wa wakimbizi amhukumu mwenyeji? Au komandanti aamue kila ugomvi wa mbuzi na kuku? Mipaka ya madaraka iliwekwa ili mwenye nguvu asiingie kila nyumba. Kiongozi anayejitwika kila jambo kwa jina la wajibu ndiye mwanzo wa mtawala asiyewekewa kikomo, na Uganda imekwisha kuwaona watawala wa namna hiyo. Yote hayo twayakubali. Lakini tutazame mpaka unamzuia mtu kufanya nini. Unamzuia kuamua lisilo lake. Haumzuii kumsindikiza aliyekuja kwake mpaka kwa mwenye kuamua, akasimama naye mlangoni, akasema: huyu ni mtu wa kijiji changu, nimelisikia jambo lake, naomba lisikilizwe, na Jumamosi nitakuja kuuliza limefika wapi.

Mgeni wetu akiaga tunamsindikiza. Hata nyumba maskini kabisa haikosi mtu wa kutoka na mgeni hadi njia panda. Kumwonyesha mlango tu na kumwambia "njia ni ile" twakuita kumfukuza, japo njia tuliyomwonyesha iwe ndiyo yenyewe. Tofauti ya kutuma na kusindikiza ndiyo tofauti tunayoitafuta. Na ajabu ni kwamba serikali zetu zinaijua vema, ila zimeiweka kwa ajili ya karatasi. Katika barua ya kikazi tunawafunza wanafunzi waandike "kupitia kwa", kisha jina la kila mkubwa aliye katikati. Barua ikifika kwa mkubwa wa kwanza, haambiwi mwandishi aje aichukue aipeleke kwa wa pili. Mkubwa huyo huweka maoni yake na sahihi yake na tarehe, akaisukuma mbele. Barua husindikizwa. Mama wa mahindi hutumwa.

Twasikia ikisemwa kwamba dawa ya haya ni kupunguza manahodha. Kuwe na mtu mmoja tu, ijulikane wazi nani mkubwa, basi. Historia ya mahali hapa haituruhusu kuipokea dawa hiyo kwa haraka. Katika miaka ya 1970 serikali ya kijeshi iliigawa nchi katika majimbo yaliyowekewa magavana, na amri ikashuka kwa mstari mmoja ulionyooka. Hapana aliyekuwa na shaka nani mkubwa. Hapana pia aliyekuwa na mahali pa pili pa kukimbilia akikataliwa pa kwanza, na mwenye busara hakwenda hata hapo pa kwanza.

Kisha kuna Oktoba 1982. Wilaya ya Mbarara wakati huo ilikuwa na Isingiro ndani yake. Watu wenye asili ya Rwanda, wakimbizi na hata raia, walitolewa majumbani mwao. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakanyang'anywa, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Rwanda au wakasukumwa katika makazi ya zamani, Nakivale na Oruchinga yakiwamo. Waliotenda ni wakubwa wa wilaya, vijana wa chama kilichotawala, na askari. Baada ya hapo lawama ilianza kutembea, na ikatembea kuelekea chini, ikaelezwa kama jambo lililozuka mikoani. Katika kisa hiki ngazi hazikukosekana: palikuwa na halmashauri, na polisi, na wizara, na bunge. Kilichokosekana ni ngazi moja ya kusema, hapa hapapiti.

Wala haya si ya zamani tu. Tarehe 14 Julai 2010, huko Nakivale na katika makazi ya Kyaka II, Wanyarwanda waliokusanyika, wengine wakiwa wameambiwa kwamba ni kwa mgawo wa chakula, wengine kwamba watapewa majibu ya rufaa zao za kuomba hifadhi, walizingirwa na askari wenye silaha, wakapakiwa katika malori na kupelekwa Rwanda usiku. Walikuwa zaidi ya watu 1,700. Waliokuwa wamekwisha kukubaliwa kuwa wakimbizi nao walichukuliwa. Iliripotiwa kwamba wako walioruka kutoka malorini wakafa. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika hadharani, lakini baada ya malori kuondoka. Tunapokifikiri kisa hiki, kinachotusumbua hasa ni ule mwito wa chakula. Mgawo ni kazi ya ngazi ya chini kabisa, ile iliyo karibu na watu, ambayo watu huiamini kwa sababu inawajua kwa majina. Imani hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwakusanya. Kwa hiyo hata ukaribu, ambao sisi wapenda vijiji husifu sana, si kinga. Ngazi ya chini isiyo na uwezo wa kukataa ni mkono mrefu tu wa ile ya juu.

Basi wingi wa ngazi wenyewe si mwema wala si mbaya. Mtu aliyekataliwa hapa akaweza kusikilizwa pale, huyo amepata neema ya kuwa na wenyeviti wawili. Mtu aliyetumwa kutoka hapa kwenda pale na kutoka pale kurudi hapa, huyo amepata laana yake. Kijiji ni kilekile.

Majiji makubwa ya Afrika Mashariki yamehangaika na jambo hili kwa njia zao. Dar es Salaam ilikuwa na halmashauri ya jiji juu ya manispaa tano, mpaka mwezi Februari 2021 Rais Magufuli alipoivunja na kuipa Ilala hadhi ya jiji. Kampala iliondolewa halmashauri yake ya zamani mwaka 2011, ikawekwa chini ya mamlaka iliyo karibu zaidi na serikali kuu, yenye Meya Mkuu aliyechaguliwa na mkurugenzi mtendaji aliyeteuliwa. Haikupita miaka mitatu Meya Mkuu, Erias Lukwago, akapigiwa kura ya kung'olewa, mwezi Novemba 2013, na mabishano yakahamia mahakamani. Nairobi iliyatoa baadhi ya majukumu makubwa ya kaunti mwaka 2020, yakakabidhiwa chombo cha serikali kuu kilichoongozwa na jenerali wa jeshi, na mwaka 2022 yakarudi. Hatuna nia ya kuzihukumu hatua hizo hapa. Twasema tu kwamba katika mijadala yote mitatu sauti kubwa ilikuwa ya nani ashike. Aliye na bomba kavu la maji alikuwa na swali jingine: nani ataniitikia?

Mbarara nayo, sasa ikiwa jiji, inaelekea huko huko. Jiji lina kanda mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, lina meya wake na mwakilishi wake wa Rais, na papo hapo wilaya ya Mbarara ina mwenyekiti wake na mwakilishi wake. Mto Rwizi unapita katikati ya jiji, na ndio unaolipatia maji ya kunywa. Unaanzia vilima vya magharibi katika wilaya nyingine, na maji yake huendelea mashariki mpaka kwenye mabwawa na maziwa ambayo Mburo na Nakivale ni miongoni mwake. Wanaochimba mchanga, wanaofyatua matofali na wanaolima mpaka ukingoni wako chini ya mabaraza mbalimbali. Usimamizi wa maji una wizara yake, na mazingira yana mamlaka yake. Kila mmoja ana kipande chake cha mto. Lakini mto hauna vipande, na mkimbizi achotaye maji ziwani hapokei maji ya wilaya ya Isingiro peke yake.

Mkimbizi huyo anaweza pia kuja Mbarara mwenyewe. Sheria inamruhusu kutembea nchini, na wengi huja: kwa hospitali ya rufaa, kwa biashara ya vitenge, kwa shule ya watoto. Akipanga chumba Mbarara anaingia mikononi mwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye atamtaka barua ya kumtambulisha. Chakula na msaada viko kule alikoandikwa. Maradhi na kodi ya nyumba viko hapa. Kule wanamhesabu lakini hayupo. Hapa yupo lakini si wa kwao. Tumewasikia watu wema kabisa wa mjini wakisema, "Hao wana mashirika yao." Maneno hayo hayana chuki hata kidogo, na ndiyo ugumu wake. Ni namna ya kumtuma mtu pasipo hata kumjua.

Ili tusiwe watu wa kulalamika tu, tuseme kwamba njia nyingine haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Wenyeviti wawili wakikaa chini ya mti mmoja siku moja kwa wiki, daftari mbili zikifunguliwa pamoja, kesi ya mahindi itakwisha kabla ya mahindi mengine kuota. Yako maeneo ambako wazee wa pande mbili hukaa hivyo kwa hiari yao, bila posho. Serikali nayo imekwisha kukiri kwamba wakimbizi waingizwe katika mipango ya wilaya, na kwamba sehemu ya misaada, ambayo kwa desturi hutajwa kuwa theluthi moja au karibu yake, iwafikie wenyeji wanaowapokea. Hayo ni mazuri. Lakini kukaa kwa hiari hutegemea moyo wa aliyepo, na aliyepo hubadilika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililo gumu kuliko yote, nalo limo katika methali nyingine tunayoifundisha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda, twaweza kusema kwa fahari, imeitii methali hii kuliko mataifa mengi tajiri: haikuwafungia wakimbizi ndani ya seng'enge, imewapa ardhi walime, ingawa vipande vinazidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Mgeni amepewa jembe. Methali haikusema ni siku ya ngapi apewe kigoda barazani. Labda wahenga hawakuona haja ya kusema, kwa sababu katika kijiji chao aliyelima miaka miwili alikuwa amekwisha kuoa, au ameozesha, na baraza lilikuwa la kwake. Katika sheria zetu mambo si hivyo. Mkimbizi amekatazwa kushiriki siasa ya nchi. Katiba, katika kifungu cha 12, inampa aliyezaliwa Uganda haki ya kuandikishwa uraia, lakini inamtoa yule ambaye mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilieleza kwamba mkimbizi aweza kuuomba uraia kwa njia nyingine, ile ya tajnisi, nayo ni njia nyembamba ambayo wachache sana wameiona ikifunguka. Nakivale imepita miaka sitini. Mjukuu wa aliyefika na jembe la kwanza analima, na mwenyekiti anayeweza kumchagua ni yule asiyeweza kumwita mwenye ng'ombe.

Mwezi Julai 2018 uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji ulifanyika kote Uganda, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2001. Haukuwa wa karatasi. Wapiga kura walipanga mistari nyuma ya wagombea, wakahesabiwa mmoja mmoja, mchana, mbele ya macho ya kila mtu. Katika vijiji vya Nakivale mistari hiyo ilipangwa kando ya mashamba ya wakimbizi. Mama wa mfano wetu angeweza kuutazama akiwa ameegemea jembe lake: majirani wamesimama, mwenye ng'ombe ni wa nne au wa tano kutoka mbele, na wote wanamchagua mtu ambaye, ng'ombe wakiingia tena shambani, ndiye atakayekalia kiti cha hakimu.